Nusu ya Uwanja

Usiku ule nilitakiwa kuwa namalizia pendekezo langu la utafiti. Msimamizi alikuwa amesharudisha rasimu mara mbili, na mimi, kama ilivyo kawaida ya mtu anayekimbia kazi, nilikuwa nimelala hosteli natazama video za mpira wa vinyoya kwenye simu. Ndipo ikaja ile ya Richmond, Canada, Julai 2013. Jozi mbili za wanaume, zote za Thailand, zinakutana kwenye mashindano ya Canada Open. Seti ya kwanza imeisha, wanabadilishana upande. Ghafla mmoja anamkimbiza mwingine hadi uwanja wa jirani, anamwangusha, anampiga akiwa chini. Watu wanaingia kati. Basi, imekwisha.

Chini ya video watu wamejaza vicheko. Mchezo wa kinyoya cha gramu tano, halafu watu wanachapana! Mimi niliirudia mara tano na sikucheka. Anayepiga anaitwa Bodin Isara. Anayepigwa ni Maneepong Jongjit. Na jambo ambalo video haikuonyeshi ni kwamba mwaka mmoja tu kabla ya hapo wawili hao walikuwa wanacheza upande mmoja wa wavu.

Walikuwa wazuri. Mwaka 2012 walitwaa India Open jijini New Delhi, na miezi michache baadaye wakaenda Olimpiki ya London, wakafika robo fainali. Kila mmoja alikuwa na miaka ishirini na moja. Mwanzoni mwa 2013 wakaachana. Bodin akaanza kucheza na Pakkawat Vilailak, Maneepong na Nipitphon Puangpuapech, na ratiba ya mashindano, ambayo haijui nani hasalimiani na nani, ikawakutanisha. Baada ya vurugu zile Shirikisho la Dunia lilimfungia Bodin miaka miwili. Maneepong alipewa miezi mitatu, maana ugomvi ni wa watu wawili hata kama mpigaji ni mmoja. Bodin alitumikia adhabu, akarudi, na mwaka 2016 alikuwa Rio kwenye Olimpiki, safari hii akicheza mchanganyiko na Savitree Amitrapai.

Hayo yote ukitafuta utayapata. Ya kwangu hayapo popote, ndiyo maana nayaandika.

Mimi ni wa Tukuyu. Ukitugusa habari za michezo tutakuambia Tukuyu Stars, Banyambala, waliochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, na mzee yeyote pale stendi atakusimulia utadhani ni juzi. Mpira wa vinyoya hauna mzee wa kuusimulia. Kwetu uliingia kwenye begi la mwalimu wa kujitolea, aliyekaa mwaka mmoja, akaondoka akatuachia raketi nne na wavu uliotoboka. Nje huwezi kucheza. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na siku isiyo na mvua ina upepo unaoshuka Mlima Rungwe, kinyoya unakipiga mbele kinakurudia. Tulichezea ukumbi wa kanisa, siku ambazo kwaya haina mazoezi. Dari lilikuwa chini, maboya yameoza, kwa hiyo ukipiga mpira wa juu unagonga boriti. Mpaka leo mpira wa juu siujui. Najua wa kunyoosha tu, unaopita sentimita chache juu ya wavu.

Nyuzi za raketi zilipokatika tulifunga mshipi wa kuvulia samaki, tuliouagiza kwa mtu wa Matema. Vinyoya vilipoisha tulijaribu kuchomeka manyoya ya kuku kwenye kizibo. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kinyoya cha kweli kina manyoya kumi na sita ya bata bukini, na yale bora hutoka bawa la kushoto, yote upande mmoja ili kizunguke sawasawa. Sisi tulichanganya mabawa yote na mkia. Kilikuwa kinakwenda kama mlevi.

Nilicheza na rafiki yangu mmoja tangu kidato cha pili. Simtaji jina. Nitamwita mwenzangu, ndivyo tulivyoitana uwanjani. Yeye alikaa nyuma kwa sababu ana mkono mzito, mimi mbele kwenye wavu kwa sababu sina subira. Uwanja wa wawili wawili una upana wa mita 6.1, wa mmoja mmoja una mita 5.18. Tofauti haifiki hata mita moja. Nilipoisoma namba hiyo ndiyo nilielewa kwa nini tulikuwa tunagongana. Mko wawili kwenye eneo linalokaribia kuwa la mtu mmoja, na kinyoya kibaya kuliko vyote ni kile kinachokuja katikati. Lazima mmoja aseme "yangu", mapema, na mwingine amwamini. Sisi mwishoni hatukuwa tunasema chochote. Nilikuwa nasikia raba zake nyuma yangu na kujua anaelekea wapi.

Tulipomaliza kidato cha sita mwaka 2018, parachichi za Hass zilikuwa zimeshapanda chati Rungwe nzima. Watu waling'oa kahawa, wengine migomba, kila mtu anatafuta miche. Tukaanzisha kitalu nyuma ya nyumba yao. Mama yangu alinipa shilingi laki tatu. Mwenzangu alitoa eneo, mbegu na mjomba wa kutufundisha kubebesha. Tukajaza viriba elfu moja na mia mbili, vidole vikachubuka. Mimi nikapata chuo Dar es Salaam, na mkopo juu. Yeye hakupata. Mwezi wa kumi nikapanda basi.

Sasa nifanye hesabu ambayo wakati ule sikuifanya. Miche ile ilihitaji kumwagiliwa kiangazi, kupaliliwa, kuwekewa kivuli. Kuna siku ilinyesha mvua ya mawe, akatoka usiku na mama yake kutandaza magunia. Kubebesha kwenyewe ni kazi ya kuinama, kikonyo kimoja baada ya kingine, unafunga na nailoni, na vingi vinakufa. Mimi nilikuwa nampigia simu Jumapili kuuliza vipo vingapi. Ukimwacha mtu peke yake kwenye uwanja wa watu wawili, akaucheza mwaka mzima, halafu ukarudi kuuliza mbona hukuacha nafasi yangu, sijui ni jina gani utaliita hilo. Mimi niliita haki yangu.

Agosti 2019 nilirudi, miche imeshauzwa. Akanirudishia laki tatu zangu na elfu hamsini juu. Nilitaka nusu. Alisema maneno mawili, kwa sauti ya chini, na aliyasema kwenye duka la pembejeo mbele ya watu: "Nusu ipi?"

Palikuwa na mipini ya majembe imesimamishwa mlangoni. Nilishika mmoja.

Nilimpiga juu ya sikio. Nyuzi saba. Polisi hawakuja kwa sababu mama yake alikataa kwenda kituoni, na mama yangu aliuza ndama kulipa hospitali na cha juu yake. Wazee walikaa siku moja, wakasema vijana wapeane mikono, tukapeana. Wiki ya pili nikarudi chuo. Nikamaliza shahada, nikapata kazi ya mkataba, nikaanza uzamili. Hakuna aliyenifungia mchezo wowote. Ndicho kilichonifanya niirudie ile video mara tano. Nilimwonea wivu Bodin. Sikumwonea kwa Olimpiki, nilimwonea kwa ile miaka miwili, kwamba kuna watu walikaa mezani wakatazama alichofanya, wakakiandikia urefu, na siku ya mwisho ilipofika aliruhusiwa kuingia uwanjani akiwa hadaiwi. Mimi mkono niliopewa na wazee ule haukuwa na tarehe.

Naona pia kuna namna nyingine ya kuachana. Dechapol Puavaranukroh na Sapsiree Taerattanachai, hao hao Wathailand, walishinda mashindano matatu mfululizo Bangkok Januari 2021, na Desemba mwaka huo huo wakawa mabingwa wa dunia wa mchanganyiko kule Huelva, Hispania. Baada ya Olimpiki ya Paris ya 2024 nao waliachana, kila mmoja akatafuta mwenza mwingine. Sikuona video yoyote ya mtu kumkimbiza mtu. Labda walikaa wakaongea. Labda ni umri. Ningelipa hela nzuri kujua walisema nini siku ile.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani Krismasi. Nilinunua Kariakoo boksi la vinyoya sita, vya manyoya kweli, vya bei ambayo mwanafunzi hapaswi kununua. Nikapita njia ya nyuma ili nisikutane na watu. Mama yake ndiye aliyeniona kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda." Akaniangalia kwa muda. "Yupo kule kwenye miche."

Kitalu siku hizi kina miche kama elfu nane, na neti ya kivuli ya kisasa. Alikuwa amechuchumaa anajaza viriba, na mtoto wa kiume wa miaka minne hivi amekaa juu ya rundo la udongo. Tulisalimiana. Akaniuliza Dar kuna joto, nikasema lipo. Nikamuuliza bei ya parachichi, akasema mwaka huu madalali wameiharibu. Kisha tukaishiwa.

Mtoto ndiye aliyeendelea na mazungumzo. Alisimama, akashika kichwa cha baba yake, akafunua nywele juu ya sikio kunionyesha, kama mtoto anavyomwonyesha mgeni kila kitu kilichomo nyumbani.

"Hapa baba aling'atwa na mbwa."

Mwenzangu hakuinua kichwa. Aliendelea kushindilia udongo kwa kidole gumba. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi njiani, kutukanwa, kufukuzwa, hata kupigwa, na hilo la kupigwa nilikuwa nalitamani kidogo. Sikuwa nimejiandaa kukuta kwamba kwa miaka yote hiyo amekuwa akinificha kwa mwanaye.

"Mbwa wa nani?" nikamuuliza mtoto.

"Wa mbali."

Mwenzangu akacheka puani, mara moja. Kisha akasukuma kwangu fungu la viriba na beseni la udongo bila kusema kitu. Nikavua koti, nikachuchumaa. Mikono ilikuwa imesahau. Viriba vyangu vitatu vya kwanza vilianguka, akavichukua, akavimwaga, akanirudishia vitupu.

"Shindilia chini kwanza," akasema.

Mvua ilipoanza tulikuwa tumefika mia moja arobaini. Boksi la vinyoya sikulitoa kwenye begi.