Akiba Isiyofunguliwa



Wazee wetu walituachia methali: akiba haiozi. Niliiamini mpaka siku nilipoona kwa macho yangu akiba iliyooza, na mlinzi wake nilikuwa mimi.

Ninatunza kompyuta za chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Bukavu. Wanachama wake wengi ni akina mama wa soko la Kadutu, wauza sambaza, unga na vitenge. Kila jioni huleta franga chache, nazo huandikwa katika hifadhidata, yaani daftari kubwa lililomo ndani ya kompyuta tunayoiita seva. Daftari hilo likipotea, mama aliyeweka fedha za masomo ya watoto wake atabaki na kijitabu chake tu, kama mvua haikukilowesha.

Programu yetu ya hifadhidata ni PostgreSQL, nasi tulikuwa bado na toleo la 9.6, ambalo watengenezaji wake waliacha kulihudumia Novemba 2021. Ilitupasa kuhama. Lakini toleo jipya haliwezi kusoma moja kwa moja mafaili ya toleo la zamani. Ama yageuzwe kwa chombo maalumu, ama yaliyomo yote yatolewe katika nakala, kisha yarudishwe upya upande wa pili. Tulichagua njia hii ya pili.

Sikuwa na wasiwasi. Kila usiku seva ilijinakili yenyewe katika diski ya nje, na kila asubuhi niliona faili jipya lenye tarehe ya jana. Kwa miezi mingi niliandika katika ripoti yangu kwa kamati: «Nakala zipo», nikatia sahihi.

Siku chache kabla ya kuhama, mama mtunza hesabu aliniuliza: «Mwanangu, hizo nakala, umekwisha kufungua hata moja?»

Nilimjibu: «Zipo, Mama.»

«Sikuuliza kama zipo.»

Jioni ile nilichukua kompyuta ya zamani, nikajaribu kurudisha nakala ya usiku uliotangulia. Jedwali la wanachama liliingia, majina yote. Jedwali la michango lilibaki tupu. Nilijaribu ya juzi, kisha ya wiki iliyopita. Yote yalikuwa yale yale. Hifadhidata ilikuwa imekua, na diski ikawa ndogo. Kila usiku faili la zamani lilifutwa, jipya likaanza kuandikwa, nafasi ikaisha kabla ya kazi kumalizika. Programu ilikuwa ikilalamika kila usiku katika faili la kumbukumbu ambalo sikuwahi kulisoma.

Usingizi haukuja. Nilikumbuka habari ya kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu wengi duniani. Tarehe 31 Januari 2017, mfanyakazi wake alifuta kwa makosa data za seva kuu, akidhani yuko katika seva nyingine. Walipotafuta nakala za kila siku, hazikuwapo: chombo cha kunakili kilikuwa cha toleo la 9.2, hifadhidata yenyewe ya 9.6, kikashindwa kazi. Na barua za kuonya hazikuwa zikiwafikia. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 hivi kabla, kwa ajili ya majaribio. Yaliyoandikwa katika saa hizo yalipotea. Kisha wakaeleza kosa lao lote mbele ya ulimwengu.

Mimi ningeweza kununua diski kubwa na kunyamaza, hakuna aliyejua. Asubuhi nilikwenda mbele ya kamati nikasema: «Nilitia sahihi jambo nisilolijua.» Mzee mmoja alikasirika, na alikuwa na haki. Mama mtunza hesabu aliuliza tu: «Sasa tufanye nini?»

Tulinunua diski. Nilitoa nakala kwa chombo cha toleo jipya, maana hicho hufahamu la zamani, bali la zamani halifahamu jipya. Jaribio la kwanza lilikwama: nilikuwa nimesahau kunakili watumiaji na ruhusa zao, ambao hutolewa kwa amri ya peke yake. Jaribio la pili lilifika mwisho. Jumamosi, baada ya ofisi kufungwa, tulizuia maandishi yote mapya, tukanakili, tukarudisha. Mama alifungua daftari lake la karatasi, mimi nikasoma jumla kutoka kwenye seva mpya, mwanachama baada ya mwanachama, mpaka usiku. Zililingana. Hata hivyo seva ya zamani hatukuifuta. Tuliizima, tukaiweka kabatini.

Sasa kila mwezi narudisha nakala moja katika kompyuta ile ya zamani, nikahesabu mistari. Siandiki tena «Nakala zipo». Naandika tarehe niliyoifungua na jumla niliyoikuta, na Mama hutia sahihi kando yangu.

Vijana, wengi wenu mmekabidhiwa kitu cha wengine: daftari la kikundi, sanduku la kwaya, orodha ya wagonjwa wa kutembelewa. Huenda mmekwisha kusema mara nyingi kwamba kipo na ni salama. Kabla ya mkutano ujao, kifungueni mkitazame. Na mkikuta pengo, semeni nyinyi wenyewe kabla ya kuulizwa.