Kasumbalesa, ndani ya kamio ya mama mjane

Jumamosi nilifuata unga wa kikundi chetu Kasumbalesa, karibu kilometa 90 toka Lubumbashi. Nilipanda kamio ya mama mmoja mjane. Shofere ni kijana wake. Kamio ni ya tani 10, imezeeka, lakini ndiyo inasomesha watoto wanne.

Kabla ya mpaka tulikuta makamio makubwa ya shaba yamepanga mstari, yanangoja kuvuka Zambia. Mengine yanalala pale siku kadhaa. Mama yule havuki. Anasema kamio inayolala haileti chakula.

Kwenye depo mfanyabiashara mmoja alimtaka apeleke unga mpaka Kolwezi. Bei ilikuwa nzuri kabisa! Mama akauliza: “Unalipa lini?” Nusu sasa, nusu unga ukiisha kuuzwa. “Na huko nitapata mzigo wa kurudi?” Bwana akanyamaza. Mama akakataa.

“Mazutu ya kurudi mtupu nani atanilipia?” akaniambia. Alichagua magunia ya wamama mbalimbali wa Lubumbashi: bei ndogo, lakini pesa mkononi na kurudi jioni ileile.

Hapo nikaona haya. Magunia yetu yalikuwa 40 ya kilo 25, na mfukoni nilikuwa na nusu ya nauli. Nilitaka kuomba tumalizie Jumatatu. Nilipomwambia, hakukasirika. Alinyoosha kidole kwenye simu yangu. Mwekahazina wetu akatuma iliyobaki, ndipo vijana wakaanza kupakia.