Kicheko Kisicho cha Furaha

Kila mtu husema, "Leo moyo wangu mweupe," au, "Leo moyo wangu mzito," wala hajiulizi uzito huo umeingia kwa mlango upi. Sisi walimu hatuna budi kujiuliza, maana kila asubuhi twasimama mbele ya mioyo arobaini au zaidi, na kila mmoja umeletwa kutoka nyumba yake. Fasihi ina jibu lake, sanaa ina lake, na elimu ya nafsi, yaani elimu ichunguzayo mawazo na hisia za watu, nayo ina lake. Twataka kuyaweka majibu hayo matatu pamoja, tukitumia mifano ya huku kwetu Kagera, tuone yanapatana wapi na yanaachana wapi.

Tuanze na fasihi, ambayo kwetu ilikaa midomoni kabla ya kukaa vitabuni. Wazee wa Karagwe na wa pande za Bukoba wanaijua enanga, ubao uliochongwa mfano wa hori, na juu yake uzi umerudishwa huku na huko hata zikapatikana nyuzi kadhaa. Mpigaji huimba habari za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja, tungo ambazo Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizichunguza katika tasnifu yake ya mwaka 1986. Sisi tumekaa mara nyingi karibu na wapigaji hao, na jambo moja tumeliona. Mpigaji hasemi, "Huzunikeni." Huanza na nyuzi peke yake, taratibu, mpaka wanaozungumza wanyamaze. Kisha hulirudia neno moja, akalichelewesha lile tunalolingojea. Chombo chake ni wakati: huukaza na kuulegeza, na moyo wa msikilizaji hukazika na kulegea pamoja nao.

Jambo hilo hilo twalijaribu darasani. Mwanafunzi akiandika, "Baba Fulani alihuzunika sana," wenzake husikia, na nyuso zao hazibadiliki. Basi twawaambia waandike habari ya msiba bila kulitaja neno huzuni, wala machozi, wala kilio. Kijana mmoja wa Kyerwa aliandika hivi: jua lilikuwa limekwisha kupanda, mbuzi walikuwa wakilia zizini, na jikoni hapakutoka moshi. Darasa zima likanyamaza. Moshi usiotoka ulifanya kazi ambayo neno huzuni lilishindwa kuifanya.

Sasa twende Bweranyange, palipokuwa makao ya wafalme wa Karagwe. Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, na Stanley akafika mwaka 1876. Katika nyumba ya hazina ya mfalme Stanley aliona mabata ya shaba, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Wako pia ng'ombe wa chuma wa Karagwe wanaojulikana sana kwa wachunguzi wa sanaa, wenye pembe ndefu zilizoinuka juu. Mhunzi hana wakati wa kuukaza na kuulegeza kama mpiga enanga, maana kazi yake yaonekana yote kwa mara moja. Yeye hutumia umbo: hurefusha hiki, hupunguza kile, na kingine hukiacha kabisa. Mtu aliyekulia katika nchi ambayo ng'ombe ni mali na heshima ya mfalme huingiwa na kicho mbele ya pembe hizo. Lakini mgeni aweza kuona ufundi duni tu. Kitu ni kile kile, na mioyo ni miwili. Hapa sanaa yatufundisha kwamba mtengenezaji hufanya nusu ya kazi, na nusu ya pili huletwa na mtazamaji kutoka kwao.

Tutoke Karagwe, tuteremke upande wa ziwa, tungali ndani ya mkoa wetu, tuisikie elimu ya nafsi. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, wasichana watatu walishikwa na kicheko kisichozuilika. Kikaenea. Kabla shule haijafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Wengine walicheka na kulia kwa zamu, wakahangaika, wakapumzika, kisha wakashikwa tena. Waliporudi makwao, hali ile ikaonekana Nshamba, ambako watu 217 walipatwa. Waganga Rankin na Philip walichunguza, wakatoa habari yao mwaka 1963: hapakuonekana sumu wala vijidudu, na hakuna aliyekufa. Mpaka leo watu wa mbali huisimulia habari hiyo kama kichekesho. Lakini Christian Hempelmann, aliyeichunguza upya na kuandika mwaka 2007, alionyesha kwamba haikuwa na furaha ndani yake. Ilikuwa dhiki ya mioyo ya vijana iliyotafuta njia ya kutoka.

Katika mwaka ule ule wa 1962, huko Marekani, Stanley Schachter na Jerome Singer walitangaza majaribio yao. Watu walidungwa dawa ya kuuendesha moyo mbio, na baadhi yao hawakuelezwa itawafanya nini. Kisha waliwekwa pamoja na mtu aliyejifanya mchangamfu, au mwenye hasira. Wataalamu hao walisema kwamba mtu asiyejua kwa nini mwili wake umesisimka hutazama walio karibu naye, akaipa hali yake jina kutokana nao. Wengine waliojaribu baadaye hawakupata majibu yale yale sawasawa, kwa hiyo tusilichukue neno lao kama sheria. Hata hivyo twaona walikuwa wakiangalia kitu halisi: moyo husoma mwili, na husoma jirani pia.

Basi tulinganishe. Wote watatu wapatana kwamba hali ya moyo haiji kwa kuitwa jina lake. Yataka alama, nayo yaweza kuwa moshi, au pembe, au mwendo wa damu, au uso wa mwenzako. Lakini waachana katika jambo kubwa. Mpiga enanga na mhunzi huchagua alama zao. Wajua watakalo, wakaacha lisilofaa, na wimbo ukiisha msikilizaji huinuka akaenda kwake. Msichana wa Kashasha hakuchagua kicheko, wala hakuwa na mahali pa kukimalizia. Alama ya mwimbaji yaaminika kwa sababu imetengenezwa ili isomwe. Alama ya mtoto haikutengenezwa, nayo yaweza kuwa kinyume cha yaliyo ndani. Kwa hiyo mwalimu amsomaye mtoto kama asomavyo kitabu atapotea njia, hata akiwa msomaji hodari wa vitabu.

Twasema hivi kwa sababu ya jambo lililopata kutokea katika shule tuliyofundisha. Binti mmoja alikuwa akicheka kila aliposimamishwa kusoma. Katika baraza la walimu wengine walisema ni dharau, apewe adhabu mbele ya wenzake, la sivyo darasa lote litaiga. Hofu yao haikuwa ya upuuzi, maana kicheko huambukiza kweli. Sisi tuliomba siku tatu. Tukamwita mama mdogo wake, naye akatuambia kwamba mama mzazi alikuwa hospitali mwezi mzima, na kwamba usiku binti ndiye aliyewalaza wadogo zake, akawahi kuamka kuchota maji. Tulipowaeleza walimu wenzetu, fimbo ikawekwa. Lakini kicheko hakikukoma siku ile, wala juma lile. Tukamruhusu asome akiwa ameketi, baadaye asome pamoja na jirani yake, sauti mbili kwa pamoja. Polepole kicheko kikapungua. Hatusemi kwamba huzuni yake nayo ilipungua, kwa maana hiyo hatukuiona kwa macho.

Wahenga walisema, "Mwenye kovu usidhani kapoa." Nasi twawaomba walimu wenzetu wa Kayanga, Nkwenda, Kaisho na kwingineko: wafundisheni watoto kusoma enanga na ng'ombe wa chuma, maana huko watajifunza kwamba hali ya moyo huwa na alama. Lakini alama ikitoka kwa mtoto mwenyewe, ulizeni kwanza kwao amelala vipi, na nani yuko nyumbani.