MSONGE NA UKOO KATIKA NCHI YA MERU

Katika somo la jiografia tulijifunza habari za Ganvié, kijiji cha nchi ya Benin kilichojengwa juu ya nguzo ndani ya Ziwa Nokoué. Wazee wa huko walikimbilia majini kuwakwepa wakamata watumwa. Mwenzangu mmoja akasema kwamba sisi wa huku hatuna nyumba ya kusimulia. Mimi ni mzaliwa wa Meru, basi yafaa nimjibu.

Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, nao ni kama kisiwa. Chini yake ni mbuga kavu. Ubavuni ni migomba, kahawa na mifereji ya maji. Humo Wameru walijenga misonge. Fito huchimbiwa kwa duara na kufungwa pamoja juu, kisha nyumba huezekwa kwa nyasi au majani makavu ya migomba hata karibu na ardhi. Mlango ni mmoja, nao ni mfupi, hata mgeni huinama aingiapo. Upande mmoja hulala watu, upande wa pili ng'ombe na mbuzi. Katikati ni mafiga. Juu ya moto kuna dari ya mahindi na kuni. Moshi hukausha nafaka na kufukuza wadudu. Asubuhi samadi hutolewa na kutiwa migombani.

Lakini mtu mmoja hawezi kujenga msonge, ukoo huitwa. Kaaya, Mbise, Pallangyo, Nanyaro, Nassari: majina haya, ambayo mwalimu huyaita kila asubuhi darasani, ni majina ya koo. Mshili huamua magomvi ya mipaka na urithi kabla hayajafika mahakamani.

Umoja huo ulionekana mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipowafukuza Wameru kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Watu walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuieleza kesi yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi siku ile, lakini dunia ilisikia.

Siku hizi misonge ni michache. Nyasi ni shida kupata, na mafundi wamezeeka. Katika kihamba chetu umebaki mmoja tu, nao ni wa marehemu babu. Bibi bado alala humo, ingawa moshi wamuumiza macho na kifua. Likizo ijayo ukoo utakutana. Wengine wataka msonge ubomolewe na kiwanja kiuzwe. Wengine wataka usiguswe kabisa.

Nitaketi barazani pamoja na wazee kwa mara ya kwanza. Wakiniuliza, nitasema hivi: bibi ajengewe nyumba ya bati yenye madirisha, nasi wajukuu tubebe matofali kama baba zetu walivyobeba nyasi. Lakini kiwanja kisiuzwe. Kikiuzwa, tutakutana wapi? Tukikosa pa kukutana, mipaka yetu itaamuliwa na watu wasioijua hata migomba yetu.

Wanafunzi wenzangu, waulizeni wazee wenu habari hizi wangali hai.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne