Nyumba ya Kuatamia Biashara: Safari Yetu ya Kampala



Likizo iliyopita nilisafiri Kampala na kijana mmoja niliyemfundisha zamani, fundi simu wa hapa Base Camp. Mama yake aliuza mbuzi wawili akamnunulia kompyuta iliyotumika. Kijana akakaa miezi sita anatunga programu ya simu ya kuonyesha bei za mahindi na maharage. Programu ikaisha, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyeitumia. Mama akaniuliza, "Mwalimu, mbuzi wangu wameenda bure?" Nikakosa jibu. Ndiyo sababu ya safari.

Tulitoka alfajiri, Mbarara tukapanda basi. Tulipita Masaka, na pale Kayabwe tukavuka mstari wa Ikweta. Kufika Kampala, viatu bado vina vumbi la Isingiro. Tukala rolex kila mtu moja, halafu boda ikatupeleka Kamwokya.

Tulikuwa tumeelekezwa kwenye nyumba inayolea biashara changa za teknolojia. Watanzania wanaita kiatamizi, yaani kama kuku anavyoatamia mayai. Kampala ilipata Hive Colab mwaka 2010, mwaka uleule Nairobi walifungua iHub, na baadaye nyingine zikafuata.

Mimi nilidhani tutakuta mashine kubwa. Kumbe ni meza ndefu, umeme usiokatika, intaneti, na vijana wanaandika kimya. Pesa si kitu cha kwanza wanachogawa. Kwanza unapata mahali pa kufanyia kazi, halafu mtu mwenye uzoefu wa kukushauri, wa kukuonyesha namna ya kusajili kampuni na kuweka hesabu. Ukikomaa ndipo wanakukutanisha na wenye mitaji. Baada ya muda unatoka, unampisha mwingine.

Alitupokea dada mmoja aliyesoma Kenya, Kiswahili anakijua vizuri. Kijana akafungua kompyuta aonyeshe programu yake. Dada akasema, "Funga kwanza, mdogo wangu. Nani ana shida hii? Umemuuliza mwenyewe? Atakulipa kwa kitu gani?" Kijana akanyamaza. Hata mimi mwalimu niliona aibu, maana sikuwahi kumuuliza hayo.

Dada akatupa mfano wa Brian Gitta, Mganda. Aliugua malaria, akatobolewa damu mara nyingi kabla ugonjwa haujaonekana. Kutokana na maumivu hayo, yeye na wenzake wakaunda kifaa kinachobana kidole na kumulika mwanga mwekundu, bila kutoboa. Wakakiita Matibabu, kwa Kiswahili chetu hiki. Mwaka 2018 kilishinda tuzo ya Afrika ya chuo cha wahandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Na kwenye tuzo ile washindani hufundishwa biashara miezi kadhaa kabla mshindi hajatajwa. "Umeona?" dada akasema. "Yeye alianza na shida. Wewe umeanza na kompyuta."

Nikauliza kama mkimbizi anaweza kuingia. Akajibu kwamba Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya biashara Uganda. Ila akatuonya: wengine wakikupa pesa wanachukua hisa. Soma karatasi kabla ya kutia sahihi.

Kurudi, kijana hakusema kitu mpaka Masaka. Lakini wiki ile ile alichukua daftari akazunguka sokoni, akawauliza akina mama arobaini. Bei wanazijua, wanapigiana simu. Shida yao ni gari: kila mmoja anapeleka magunia yake mawili Mbarara peke yake, faida yote inaishia kwenye usafiri. Sasa kijana anaandika nani ana mzigo na siku gani, anawaunganisha wanane kwenye gari moja, anapata kidogo. Bado ni kalamu na simu tu. Programu itakuja ikihitajika.

Mbuzi hawajarudi, nisiwadanganye. Lakini mama ameacha kuniuliza, na mwezi huu yeye mwenyewe alipakia gunia lake.

Wazazi, kuku hawezi kuangua yai viza, hata akiatamia mwezi mzima. Kabla hamjauza mbuzi, muulizeni mtoto yale maswali matatu. Na vijana wenye wazo, Jumamosi baada ya masomo njooni darasani kwangu na daftari. Tutaulizana. Kompyuta muiache nyumbani kwanza.