Moïse Katumbi: kutoka samaki wa Ziwa Mweru hadi kiti cha gavana

Nyamitaba, Masisi. – Mama anayetoa maharagwe kijijini kupeleka sokoni anajua mambo ya utawala kuliko wengi wanavyofikiri. Akifika kwenye bariere analipa. Akienda mbele kidogo, bariere nyingine, analipa tena. Basi, jina la Moïse Katumbi linapotajwa, swali lake si kama bwana huyo ana mali ngapi. Anauliza: mfanyabiashara akiwa gavana, mwenye biashara ndogo anapata nini?

Katumbi alizaliwa tarehe 28 Desemba 1964 huko Katanga, baba akiwa Myahudi aliyetoka Ugiriki na mama akiwa mtu wa ukoo wa kifalme wa Kazembe. Alikulia Kashobwe, kando ya Ziwa Mweru. Akiwa kijana alianza na biashara ya samaki, akawauzia Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Mwaka 1997 alianzisha MCK, kampuni iliyofanyia kazi wenye migodi, na mwaka huo huo akaanza kuongoza timu ya TP Mazembe. Timu hiyo ilibeba kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015. Hata Masisi, watoto waliocheza mpira wa makaratasi walijiita Mazembe.

Januari 2007 wabunge wa jimbo walimchagua kuwa gavana wa Katanga. Alikataza madini ghafi kutoka nje ya nchi, ili makampuni yajenge viwanda vya kuyasafisha hapa hapa. Aliyataka makampuni yalime mahindi, maana Katanga ilikuwa inanunua unga Zambia. Barabara zilitengenezwa na raia wengi walimsifu. Lakini wapo waliouliza: gavana anayesimamia jimbo la migodi, na kampuni yake inapata kazi kwa wenye migodi hao hao, anatumikia nani kwanza? Aliiuza MCK mwaka 2015, mwaka ule ule alipoacha kiti.

Aliacha kwa sababu ya ugomvi na Rais Joseph Kabila juu ya muhula wa tatu. Septemba 2015 alijiuzulu, akatoka pia katika chama cha PPRD. Katanga yenyewe ilikuwa imekatwa kuwa majimbo manne. Mei 2016 alitangaza kugombea urais, na tarehe 20 ya mwezi huo akaondoka nchini. Mwezi uliofuata mahakama ya Lubumbashi ilimhukumu miezi 36 ya jela kwa kesi ya nyumba, yeye mwenyewe hayupo. Agosti 2018 alifika mpakani Kasumbalesa, akazuiwa kuingia. Alirudi Lubumbashi tarehe 20 Mei 2019, baada ya miaka mitatu kamili, umati ukimpokea. Katika uchaguzi wa Desemba 2023 alishika nafasi ya pili nyuma ya Félix Tshisekedi.

Familia zilizokimbia Masisi zinasikia habari hiyo kwa namna yake. Tajiri naye alihama, akasimamishwa mpakani kwake. Ila yeye alihama kwa ndege. Wao walihama kwa miguu, godoro kichwani na mtoto mgongoni, na wakirudi hawakuti umati, wanakuta shamba limeota majani.

Tangu Mei 2021, serikali ilipotangaza utawala wa kijeshi Kivu ya Kaskazini na Ituri, raia wa hapa hawajaona gavana aliyechaguliwa na wabunge wa jimbo. Siku uchaguzi huo utakaporudi, wenye mali hawatakosa kujitokeza, na wataleta jezi na mipira. Yule mama wa maharagwe atapokea jezi ya mtoto wake, asante sana. Kisha atauliza kuhusu bariere.