Barua Niliyoiita Tangazo

Niliwadanganya wanawake walioniamini. Ilikuwa mwaka 2014, nikiwa karani wa dawati la bima na mafao katika hospitali moja ya kidini huko Marekani, na uongo wenyewe ulikuwa mfupi: "Hiyo achana nayo, ni tangazo la kampuni ya bima."

Walionijia walikuwa wanawake wa Kikongo, wengi wao kutoka Kivu Kusini, waliopitia kambi za wakimbizi Tanzania na Burundi kabla ya kuletwa huko. Walifanya kazi jikoni, kwenye usafi wa wodi na kwenye chumba cha kufulia mashuka. Kiswahili chao na changu cha Songea hakikulingana kila neno, ila tulielewana, na pale ofisini hakukuwa na mwingine wa kuwasomea karatasi za Kiingereza. Basi kila bahasha ililetwa mezani kwangu: za kodi, za shule za watoto, za mwenye nyumba. Mwanzoni mwa mwaka ule ikaanza kuja bahasha nyembamba yenye ukurasa mmoja. Niliisoma na niliielewa vizuri. Ilisema kwamba mwajiri wako, kwa sababu za imani, hagharamii uzazi wa mpango, na kwa hiyo kampuni ya bima itakulipia yenyewe, kando na mwajiri, bila wewe kutoa hata senti. Chini kulikuwa na namba ya simu.

Barua ile haikutoka hewani. Sheria ya bima ya afya ambayo Rais Obama aliitia saini Machi 23, 2010 iliagiza huduma za kinga kwa wanawake zilipiwe bila mchango wa mgonjwa, na kuanzia Agosti 2012 agizo hilo likajumuisha njia zote za uzazi wa mpango kwa wanawake zilizoidhinishwa: vidonge vya majira, sindano, vijiti, kitanzi, kufunga kizazi. Wamarekani wengi hupata bima kupitia kazini, desturi iliyoshika mizizi wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale serikali ilipodhibiti mishahara na waajiri wakaanza kuvutia watu kwa mafao. Ndiyo maana imani ya tajiri ikagusa tumbo la mfanyakazi. Makanisa yenyewe yalisamehewa kabisa. Kwa hospitali, vyuo na nyumba za wazee za kidini, serikali iliweka njia ya kati mwaka 2013: mwajiri ajaze fomu aseme dhamiri yake haimruhusu, kisha bima ibebe gharama. Wapo walioona hata kutia saini fomu ile ni kushiriki dhambi, na masista wa Little Sisters of the Poor, wanaotunza wazee maskini, waliifikisha kesi yao Mahakama ya Juu. Nawaheshimu mpaka leo, maana walisema hadharani walichokikataa.

Mwajiri wangu alijaza fomu. Alifanya alichotakiwa kufanya. Aliyeharibu ni mimi.

Mama yangu alikuwa mwanachama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, na nyumbani kwetu mafundisho ya Papa Paulo VI ya mwaka 1968, Humanae Vitae, yanayokataza uzazi wa mpango wa dawa na vifaa, yalikuwa msimamo wa familia. Nilijiambia kwamba siwezi kuwa mkono wa kumfikishia mtu jambo ninaloliona dhambi. Kama ningeenda kwa msimamizi wangu nikamwambia, "Barua hizi dhamiri inanikataza kuzisoma, wapeni mkalimani mwingine," ningekuwa mkweli mbele ya Mungu na mbele ya wale wanawake. Lakini kusema hivyo kungenigharimu. Pengine ningeonekana msumbufu, pengine ningehamishwa dawati. Kwa hiyo nilichagua uongo, na nikauita imani.

Juni 30, 2014 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu ya kesi ya Hobby Lobby, kampuni ya maduka ya vifaa vya sanaa na mapambo, mali ya familia ya Green ya Oklahoma. Familia hiyo ilipinga njia 4 kati ya 20 za uzazi wa mpango, vitanzi vya aina mbili na vidonge vya dharura vya aina mbili, kwa kuamini vinaweza kuzuia yai lililokwisha kurutubishwa lisijishikize. Majaji 5 dhidi ya 4 waliwapa ushindi kwa sheria ya mwaka 1993 ya kulinda uhuru wa dini. Jumapili iliyofuata tulipongezana parokiani, mikono na vigelegele. Hukumu yenyewe sikuisoma. Nilisikia tu kwamba tumeshinda, nikaichukua kuwa baraka ya yale niliyokuwa nikiyafanya mezani.

Miezi michache baadaye akaja mama mmoja wa kule kufulia, mwenye watoto wanne. Hedhi yake ilikuwa inatoka kwa wingi usio wa kawaida, siku nyingi mfululizo. Alikuja na mfuko wa plastiki mkononi, na ndani yake kulikuwa na sare ya pili iliyokunjwa, kwa sababu ile aliyovaa mara nyingi haikumaliza zamu ikiwa safi. Daktari alimwandikia kitanzi chenye homoni, ambacho nchini Marekani kiliidhinishwa tangu 2009 kutibu hedhi nzito kwa wanawake wanaotumia kitanzi. Akaniuliza kama bima italipa. Nikamjibu, "Bima yetu hailipii mambo hayo." Akauliza bei. Kitanzi na kuwekewa vinaweza kupita dola 1,000, na kima cha chini cha mshahara cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa. Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyeipinga hukumu ya Hobby Lobby, aliandika kwamba gharama ya kitanzi inakaribia mshahara wa mwezi mzima wa mfanyakazi wa kima cha chini. Mama yule aliikunja karatasi ya daktari, akaisukumiza chini ya ile sare, akashukuru, akarudi kazini. Alinishukuru.

Kabla mwaka haujaisha alianguka mbele ya mashine za kukaushia mashuka. Wakampeleka juu wodini, akaongezewa damu.

Bado sikuunganisha mambo, au sikutaka kuyaunganisha. Aliyenifumbua macho ni wakala wa kampuni ya bima aliyekuja kwa mambo mengine. Aliuliza kwa upole mbona kwenye idara fulani karibu hakuna anayetumia malipo yale ya kando, je, barua zinawafikia? Nikasema zinawafikia. Usiku ule nilikaa nikaisoma hukumu niliyoishangilia. Jaji Samuel Alito, aliyeiandika kwa niaba ya waliowapa ushindi wenye kampuni, alijenga hoja yake juu ya ile njia ya kati. Serikali haina haja ya kumlazimisha mwajiri, alisema, maana tayari inayo njia inayoilinda dhamiri yake huku mwanamke akipata huduma zote bila gharama. Athari kwa wafanyakazi wa kike, kwa hesabu yake, ingekuwa sifuri.

Sifuri ile ilitegemea barua. Uhuru wa dini tulioupigia vigelegele ulisimama juu ya ahadi kwamba ukurasa ule mmoja utamfikia mwanamke na ataelewa umeandikwa nini, nami nilikuwa nimeukalia. Nilirudi pia kwenye Humanae Vitae, ngao yangu, na nikakuta aya ya 15 inaruhusu tiba inayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili hata kama itazuia mimba. Kanisa langu lenyewe lisingemnyima mama yule alichoandikiwa.

Kwa muda nilijikita kwenye hilo la ugonjwa, maana lilinifanya nionekane nimekosea mara moja tu, kwa mtu mmoja. Haikuwa hivyo. Wengine wote niliowaambia ni tangazo hawakuwa wagonjwa. Yupo aliyetaka kupumzika baada ya mtoto wa tano, na yupo binti aliyekuwa akisubiri nafasi ya kusomea uuguzi. Hao nao wana dhamiri zao, wana Mungu wao, na wengine walikuwa Wapentekoste na Waislamu ambao mafundisho ya Papa hayawahusu. Niliamua kwa niaba yao bila hata kuwajulisha kwamba kuna jambo la kuamuliwa.

Nilimfuata yule mama nyumbani kwake nikamwambia yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, ungeniambia tu kama hutaki kuisoma. Ningetafuta mtu mwingine." Hakunifukuza. Kitanzi alikipata, kwa kupiga simu ile ile iliyokuwa kwenye barua. Nilimweleza msimamizi wangu pia, nikapewa onyo la maandishi, na kazi ya kuwasomea wafanyakazi barua ikapewa mkalimani wa kukodi. Nililistahili.

Sheria haikutulia. Mwaka 2017 serikali ya Trump ilipanua msamaha, na kanuni za mwisho za 2018 zikamruhusu mwajiri mwenye pingamizi la imani au la maadili kuiacha kabisa ile njia ya kati. Serikali yenyewe ilikadiria kuwa wanawake kati ya 70,500 na 126,400 wangeweza kupoteza malipo hayo. Julai 8, 2020 Mahakama ya Juu ikaziruhusu kanuni hizo kwa majaji 7 dhidi ya 2. Ginsburg, ambaye miezi miwili kabla alishiriki kusikiliza kesi hiyo kwa simu akiwa hospitalini, alikuwa mmoja wa wale wawili. Kwa wafanyakazi wa waajiri walioiacha njia ile, barua ikaacha kuja. Naamini bado mwajiri wa dini asilazimishwe kulipa, na naamini vilevile kwamba kumwachia mwanamke gharama yote, kimya kimya, si uhuru wa dini ya mtu yeyote.

Wengi wa wale wanawake wamehamia Iowa na Texas, na namba zao sinazo. Wewe uliye kama wao, unayefanya kazi kwenye shirika la kidini, geuza kadi yako ya bima: namba ya simu ipo nyuma. Piga wewe mwenyewe, omba mkalimani wa Kiswahili, ni haki yako na halipiwi. Uliza mambo mawili: je, mwajiri wangu ana pingamizi la uzazi wa mpango, na kama analo, nani analipa? Wakikujibu hakuna, ulizia kliniki ya Title X, mpango wa serikali ya shirikisho wa kugharamia uzazi wa mpango, iliyo karibu nawe. Hizo hutoza kwa kipato, na mwenye kipato duni kabisa hatozwi.